Taa ya Omo: Kutoka Gerezani Hadi Pangani

Taa ya mjomba ni ya shaba ya njano, nzito mkononi, na kioo chake kina rangi mbili: nyekundu kushoto, kijani kulia. Ni taa ya omo, ile inayofungwa mbele ya chombo ili anayekuja gizani ajue mnaelekea wapi. Mjomba ni nahodha wa mashua ya mizigo inayovuka kati ya Pangani na Mkokotoni, Unguja, na taa hiyo aliinunua zamani kwa watu waliokuwa wakiuza vifaa vya meli iliyokatwa kuwa chuma chakavu. Masika yalipokaribia alinikabidhi ikiwa ndani ya gunia.

"Inaingia maji, mjomba," akaniambia. "Huko Dar es Salaam hakukosekani mpira wa kuizibia. Utafute, uniletee kabla kusi haijachachamaa."

Mpira niliupata. Lakini kabla ya kuupata nilipita kwa mafundi wa gasketi, kwa wauza gundi, kwa mafundi wa taa za magari na, mwisho wa safari, kwa fundi wa kalafati. Kila mmoja aliniongezea sehemu ya jibu la swali ambalo sasa naliona ndilo kiini cha kazi hii: kitu gani kitazuia maji leo, na bado kikubali kufunguliwa kesho?

Taa ya mashua si kitu kidogo. Katika mkondo wa Zanzibar usiku zinapita meli ziendazo Tanga, Unguja na Dar es Salaam, yanapita majahazi, zinapita boti za abiria, na katikati yao wapo wavuvi wa ngalawa. Aliye juu ya meli kubwa hawezi kumwona mtu wa mashua. Anachokiona ni taa yake. Akiona nyekundu, anajua ametazamana na ubavu wa kushoto. Akiona kijani, ni ubavu wa kulia. Akiziona zote mbili kwa pamoja, basi chombo kinamjia uso kwa uso na lazima wapishane. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, zilizopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika Julai 1977, zimeliweka jambo hili kwa vipimo. Kila rangi iangaze pembe ya digrii 112.5, kuanzia mbele kabisa hadi digrii 22.5 nyuma ya ubavu. Kwa chombo kisichofika mita 12, taa za ubavuni zionekane umbali wa maili moja ya baharini angalau. Kuanzia mita 12 hadi chini ya mita 50, maili mbili. Chombo kisichofika mita 20 kinaruhusiwa kuziweka rangi hizo mbili katika taa moja, na ndiyo aina ya taa ya mjomba.

Maji yakiingia ndani ya taa kama hiyo, vipimo vyote hivyo vinapotea polepole. Unyevu unaganda kwenye kioo, ukikauka unaacha utando wa chumvi, na mpaka ulio wazi kati ya nyekundu na kijani unageuka ukungu. Kutu nayo inakaa kwenye soketi ya balbu na kuunyima umeme njia. Balbu ya waya haisamehe upungufu huo: volti zikishuka kwa asilimia 10, yaani kutoka 12 hadi 10.8, mwanga hushuka kwa takriban asilimia 30. Taa inaendelea kuwaka, nahodha anaiona inawaka, lakini aliye mbali haioni.

Nilianza kwa kuifungua nyumbani, juu ya gazeti, kwa mafuta ya taa, bisibisi na subira. Skrubu mbili zilikuwa za chuma, zimewekwa na mtu aliyekosa za shaba, nazo ndizo zilizonipa taabu. Chuma kikikaa na shaba katika maji ya chumvi, viwili hivyo hufanya kazi ya betri, na kinacholiwa ni chuma. Vichwa vyake vilikuwa vimebaki vumbi jekundu. Zile za shaba, kongwe kuliko hizo, zilizunguka bila ubishi.

Ndani nilikuta historia ya matengenezo. Chini kabisa palikuwa na gasketi ya mwanzo, mpira uliokauka ukawa kama ukoko wa wali, unaokatika ukiugusa. Juu yake mtu mwingine alikuwa amepaka silikoni ya madirisha, nyingi, kila mahali: kuzunguka kioo, juu ya vichwa vya skrubu, penye waya. Na pale silikoni ilipogusana na shaba palikuwa pameota unga wa kijani. Silikoni ya bei nafuu, ile inayonuka siki unapoipaka, hutoa asidi ya asetiki inapokauka. Kwenye kioo cha dirisha asidi hiyo haidhuru kitu. Kwenye shaba huzaa kutu ya kijani, na ndani ya taa iliyofungwa mvuke wake hauna pa kwenda ila kwenye soketi na ncha za waya.

Nilipokuwa nikiikwangua silikoni hiyo kwa kijiti cha mwanzi, nikaona jambo jingine. Chini ya mwili wa taa, mahali pa chini kabisa inapokuwa imesimama, palikuwa na kitundu kidogo kilichotobolewa kwa makini na aliyeitengeneza. Kilikuwa kimezibwa kwa silikoni ile ile. Nikakizibua, lakini sababu yake nilikuja kuielewa Gerezani.

Mtaa wa Gerezani, pale Kariakoo, ni mahali ambapo chombo chochote chenye injini kinaweza kupata kiungo kilichopotea. Vibanda vimebanana, na ndani ya vibanda hivyo wamo watu wanaoweza kukata gasketi ya injini ambayo kiwanda chake kilishafungwa. Namna yao ya kukata ni ya kuvutia kuitazama. Fundi hulaza karatasi ya gasketi juu ya chuma chenyewe, kisha kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo anagongagonga taratibu kufuata ukingo, mpaka ukingo wenyewe unaikata karatasi. Hahitaji rula wala mchoro, kwa kuwa chuma ndicho kielelezo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Unataka ya maji au ya mafuta?" Aliuliza kabla hata hajaishika taa.

Nilimwambia ya maji, ya bahari, tena ya juani. Akatikisa kichwa kuikubali sehemu ya mwisho. Akaanza kunionyesha vipande kimoja kimoja. Karatasi ya gasketi na koki akaviweka kando: vinafaa penye mafuta na joto, lakini penye maji ya chumvi koki huoza na karatasi hulowa. Mpira mweusi mgumu, ule ambao viwandani huitwa naitraili, akausifu kwa pampu ya dizeli. Hauvimbi ukiguswa na mafuta. Udhaifu wake ni jua na hewa ya ozoni: mwaka au miwili nje, unafanya nyufa. Tyubu ya gurudumu la lori, ambayo kila fundi wa pwani huikimbilia kwanza, akaitetea kwa haki. Tyubu nyingi za magari hutengenezwa kwa mpira wa butili, na butili haipitishi hewa wala maji kwa urahisi, tena huvumilia hali ya hewa kuliko mpira wa asili. "Ukiwa kisiwani na huna kitu, kata tyubu," alisema. "Lakini ni nyembamba. Kioo kinataka kulalia kitu kinene kidogo, chenye kubonyea."

Kisha akanipeleka nje, kwenye gari kuukuu lililoegeshwa karibu, akanionyesha mpira unaozunguka mlango. "Huu uko juani tangu gari halijafika nchini. Ubonyeze." Nikaubonyeza, ukarudi mahali pake. Mpira wa milango ya magari kwa kawaida ni ule uitwao EPDM, na sifa yake kubwa ni kustahimili jua, ozoni, mvua na chumvi. Haupendi mafuta ya petroli na grisi ya kawaida; ukizipata huvimba. Lakini taa ya omo haiko karibu na injini. Hiyo ndiyo hoja iliyonifanya nichague, na ingawa ilitoka kwenye gari bovu, naiamini kwa kuwa nimeuona mpira wenyewe ukiishi.

Alikuwa na shiti ya EPDM ya milimita 3, laini kiasi cha kubonyea kwa ukucha. Ugumu huo ni muhimu. Gasketi bapa ya namna hii hufanya kazi ikibanwa karibu robo ya unene wake. Ya milimita 3 ifikie kama milimita 2 na robo. Mpira mgumu ukiubana kiasi hicho unahitaji nguvu nyingi, na kinachopasuka kwanza ni kioo. Palikuwa pia na sponji nyeusi, laini zaidi, ya bei ndogo. Kabla ya kuinunua sponji, fundi alinifundisha kipimo chake: izamishe kipande kwenye maji, kikamue, kisha kiachie. Kikinywa maji, vijishimo vyake vimeungana, na hiyo ni sponji ya kuogea. Kikikataa, kila kishimo kimejifunga peke yake na kinaweza kuzuia maji. Kile alichokuwa nacho kilikunywa. Tukaiacha.

Tulilaza ukingo wa shaba juu ya shiti, tukachora kwa chaki, tukakata kwa wembe. Matundu ya skrubu aliyatoboa kwa kipande cha bomba kilichonolewa mdomoni, pigo moja kwa kila tundu. Nikamwomba akate ya pili kwa vipimo vile vile. Hakuuliza kwa nini.

Gundi ilikuwa shauri jingine. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi mirija ya kuzibia imepangwa kwa rangi, na muuzaji asiyejua bahari atakupa iliyo karibu na mkono wake. Mwenye taa ya zamani anapaswa kujua aina nne. Ya kwanza ni silikoni ya asidi, niliyokwisha kuieleza, aiache. Ya pili ni silikoni isiyotoa asidi. Maandishi ya nyuma ya mrija yatakwambia, na pua pia, maana hainuki siki. Hii hukauka kwa unyevu wa hewa, milimita mbili hadi tatu kwa siku, kwa hiyo tabaka nene linahitaji siku kadhaa hata kama juu limeshakauka. Upungufu wake ni kwamba inaacha utando ambao rangi haishiki juu yake, wala gundi nyingine yoyote ila silikoni mwenzake. Ya tatu ni poliyurethani, gundi ya mafundi wa boti za faiba. Inashika mno, ukitaka kutenganisha ilichounganisha, mara nyingi mbao ndiyo inayong'oka. Ni nzuri kwa kiungo ambacho hakitafunguliwa, lakini kwenye kioo cha taa ni hukumu ya maisha. Ya nne ni polisalfaidi, rafiki wa mbao tangu zamani, inayodumu hata chini ya maji. Lakini hula plastiki nyingi, na taa za siku hizi zina vioo vya plastiki. Mwenye taa mpya asiikaribishe.

Mimi nilikuwa natafuta kitu cha tano, utepe wa butili, na nikaupata kwa watu ambao sikutarajia. Kuna mafundi Kariakoo ambao kazi yao ni kufungua taa za mbele za magari zilizoingia maji. Wanazipasha moto, gundi inalainika, wanatenganisha kioo na mwili, wanasafisha, kisha wanaziba upya kwa uzi mnene mweusi unaonata. Uzi huo ni butili. Haukauki kamwe. Unabaki laini miaka na miaka, unafuata chuma na kioo vinapotanuka, na siku ukitaka kufungua unaupasha joto ukakubali. Kioo na shaba havitanuki sawa: joto likipanda, shaba hutanuka takriban mara mbili ya kioo. Gundi ngumu iliyowafunga wawili hao pamoja huachia au hupasua. Gundi inayovutika huwaacha waende na kurudi.

Nilimwonyesha mmoja wao kile kitundu cha chini. Akacheka kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu. "Hata taa ya gari ina tundu la kupumulia. Wengi wanaliziba, halafu wanalalamika ukungu."

Akanieleza, na hesabu yake ni sahihi. Taa ikiwaka, hewa ya ndani hupata joto na kutanuka. Ikitoka nyuzi 27 kufika 57, hewa hiyo huongezeka kwa sehemu moja ya kumi. Taa yenye lita moja ya hewa inataka kutoa desilita moja nje. Kisha wimbi linapiga omo, shaba inapoa ghafla, hewa ya ndani inanywea na kuvuta. Kama pana tundu chini, inavuta hewa kupitia hapo, na tone lililojikusanya ndani linatoka kwa njia hiyo hiyo. Kama tundu limezibwa, inavuta popote panapolegea, na juu ya gasketi wakati huo pamejaa maji ya chumvi. Kumbe taa ya mjomba ilikuwa inaingia maji kwa sababu ilizibwa kupita kiasi. Kila aliyeongeza silikoni aliiongezea nguvu ya kunyonya.

Nilipanda basi Mbezi, kituo cha Magufuli, alfajiri, taa ikiwa mapajani. Njia ya Tanga inapita Chalinze, inavuka Wami, inafika Segera na kuachana na magari ya Moshi, kisha Muheza kwenye michungwa, halafu hewa inabadilika na unajua bahari iko karibu. Kutoka Tanga hadi Pangani ni yapata kilomita 50 kupitia Kigombe, na sehemu kubwa ya safari hiyo mkonge umesimama pande zote. Mkonge wa nchi hii ulianzia ukingoni mwa Pangani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na miche 62 iliyofika hai ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto. Kutokana na hiyo zikatoka kamba za katani zilizofunga mizigo na vyombo vya dunia nzima. Nikiwa dirishani nilitazama mistari ile ya majani na kufikiri jinsi ufundi wa bahari unavyotegemea mambo yaliyofanywa nchi kavu na watu wasioijua bahari: mkulima wa mkonge, fundi wa taa za gari, mkata gasketi wa Gerezani.

Pangani maji yalikuwa yamekupwa. Mashua zilikuwa zimelalia ubavu kwenye matope ya mto, na mafundi walikuwa wakizifanyia kazi kabla maji hayajarudi. Mmoja, mzee wa makamo, alikuwa akipiga kalafati. Alichukua pamba aliyoisokota, iliyoloweshwa mafuta, akaisukuma kati ya mbao mbili kwa patasi butu na nyundo, pigo fupi fupi, akisikiliza. Mlio ukibadilika, anajua nafasi imejaa.

Nilimsalimu, nikakaa kumtazama. Nikamwuliza kwa nini hatumii gundi hizi za mrija katika mianya.

"Mbao ikilowa inavimba," alisema bila kuacha kupiga. "Inaibana pamba, pamba inanywea, maji hayapiti. Ukitia kitu kigumu hapo, mbao ikavimba, iende wapi? Itasukuma mwenzake. Utaziba hapa, itafunguka kule."

Nimeyachukulia maneno hayo kuwa somo lote la kazi hii. Chombo cha mbao hakizibwi mara moja maishani. Pamba hutolewa na kutiwa mpya, sifa, yaani mafuta ya papa, hupakwa na kupakwa tena, deheni ya mafuta na chokaa hurudiwa chini ya maji kila chombo kinapopandishwa. Mtu wa mbali anaweza kuona huo ni udhaifu wa vifaa vya zamani. Mimi naona ni hekima iliyojengwa ndani ya vifaa: kila kizibo kimechaguliwa kwa kujua kwamba kuna siku kitatolewa, na kikitolewa kisiharibu mbao iliyokishika.

Ziwa Tanganyika lina ushahidi mkubwa wa hekima hiyo. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma na kuunganishwa huko. Julai 1916 Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma vitani waliizamisha wenyewe, lakini kabla ya kuizamisha wahandisi wake waliipaka mitambo grisi nene. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Waliopaka grisi ile hawakuwa wanajaribu kuikausha meli. Ilikuwa inakwenda chini ya maji. Walichofanya ni kumfikiria mtu atakayeifungua baadaye, hata kama mtu huyo alikuwa adui.

Kazi ya kuifunga taa tuliifanya barazani kwa mjomba. Shaba nilikuwa nimeisafisha kwa limau na chumvi, nikaisuuza kwa maji matamu yenye magadi kidogo ili asidi isibaki, nikaikausha vizuri. Mabaki ya silikoni yalihitaji msasa laini na spiriti, maana utando wake ukibaki hata mpira haukai sawasawa. Gasketi tuliiweka kavu, bila gundi yoyote, ila tulipaka grisi ya silikoni kidogo isije ikagandana na kioo. Grisi ya gari ingeuvimbisha mpira huu, kwa hiyo hatukuigusa. Skrubu zote sasa ni za shaba, nazo tulizikaza kwa kuvuka, moja na ile inayoikabili, kidogo kidogo, mpaka mpira ukachungulia sawa kuzunguka kioo chote. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho ndipo uende mwingine, kioo hukaa mshazari, na siku ya joto kinapasuka.

Utepe wa butili tuliutumia mahali pawili tu. Pa kwanza ni chini ya kikalio cha taa, pale shaba inapolalia mbao ya omo, ili maji yasikae kati yake na kuozesha mbao. Pa pili ni kuzunguka waya unapoingia. Waya una hila yake: maji yakiipata ncha iliyo wazi hutambaa ndani ya ala, kati ya nyuzi za shaba, hadi ndani ya taa, hata gasketi iwe nzuri vipi. Kwa hiyo tulikata waya wa zamani uliokuwa umegeuka mweusi ndani, tukaweka mpya wenye nyuzi zilizopakwa bati, na kabla haujaingia kwenye taa tukaupitisha chini ukafanya kitanzi. Tone likiteremka na waya linafika kwenye kitanzi na kudondoka hapo.

Kitundu cha chini tukakiacha wazi. Mjomba alikiangalia kwa muda mrefu. Amekaa baharini tangu utotoni, na kumwambia nahodha aache tundu kwenye taa inayoingia maji si jambo dogo. Nikamweleza habari ya hewa inayotanuka na kunywea. Akachukua kijiti, akakipitisha kuhakikisha hakina uchafu, akasema, "Basi hii iangaliwe kila tunapopandisha chombo."

Tulipima kwa njia isiyohitaji kifaa chochote cha kupimia. Ndani ya taa tuliweka kipande cha karatasi laini, tukafunga, tukaiwasha mpaka ikapata joto, kisha tukaimwagia ndoo za maji kutoka juu, mbele na ubavuni, kuiga wimbi linalopiga taa ya moto. Hatukuizamisha, kwa kuwa taa yenye tundu haikuumbwa kuzama. Tulipofungua, karatasi ilikuwa kavu. Tukaweka nyingine, tukafunga, na bamvua iliyofuata mashua ikatoka na maji ya usiku kuelekea Mkokotoni, mbao na nazi zikiwa ndani, nami nikiwa abiria.

Kuvuka mdomo wa mto gizani kunahitaji macho ya watu wote. Mchanga husogea, mawimbi hukutana na maji ya mto, na wavuvi wanaorudi wanaingia kwa njia ile ile mnayotokea. Ngalawa moja ilikuja mbele yetu. Mtu wake alimulika tochi, kisha akapiga usukani na kutupisha upande unaostahili, bila kelele. Aliona rangi mbili, akajua. Huko nje, kwa yapata kilomita 60 za bahari, kusi ilikuwa bado changa, na omo ilikuwa ikichota maji na kuyamwaga juu ya taa saa baada ya saa. Mkokotoni asubuhi mjomba mwenyewe alishika bisibisi. Alifungua skrubu kwa kuvuka, kama tulivyozifunga, akatoa karatasi na kuibana kati ya vidole. Ilikuwa kavu. Kisha akaifunga tena bila msaada wangu, na hapo ndipo nilipojua kazi imekamilika.

Gasketi ya pili, ile iliyokatwa Gerezani, imo ndani ya kopo kwenye sanduku la nahodha, pamoja na kielelezo chake cha karatasi, skrubu za akiba na kipande cha utepe wa butili. Atakayeihitaji huenda asiwe mimi wala mjomba. Huenda akawa baharia kijana, usiku, Nungwi au Kipumbwi, mbali na duka lolote, mwenye bisibisi na tochi tu. Nataka akifungua taa ile akute mpira unaotoka mzima, shaba isiyoliwa na kioo kisichogandana na kitu. Nataka apate kuitengeneza. Nawasihi wote wanaotengeneza vifaa vya vyombo vyetu, iwe ni taa, pampu au injini, wachague vizibo vyao kwa kumfikiria mtu huyo. Nguvu ya gundi tusiipime kwa ugumu wa kuing'oa peke yake. Tuipime pia kwa hali ya kile inachokiacha nyuma siku inapong'olewa, maana siku hiyo kwa kila chombo cha baharini lazima ifike.